Mchumba wangu ametundikwa kwenye kuta za wafiwa

Dada Bupe, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba unifichie jina, sema tu ni msichana wa Goba, maana huku tunajuana na jambo hili likisikika kabla sijajua la kufanya sitakuwa na pa kuuweka uso wangu.

Mimi nimemaliza mwaka mmoja wa kusoma grafiki, ngazi ya cheti, kwenye chuo kimoja kidogo pale Ubungo, na wakati nasoma nilipata kibarua kwenye stesheneri hapa Goba, kwa hiyo asubuhi nilikuwa darasani na mchana dukani, na sijawahi kupenda kitu maishani kama nilivyoupenda mwaka huo. Zamani nilikuwa nikiona bango naona bango tu, lakini baada ya miezi michache nikawa naona herufi zimebanana, rangi zinagombana, uso wa mgombea umevutwa mpaka umekuwa mpana kama chapati, nikawa natembea njiani nasahihisha ukuta wa kila duka. Mwalimu wetu, Mwalimu Gaudens, alikuwa akisema kazi yetu kubwa ni kukata, ukijua kukata vizuri watu hawatajua kama kuna kitu kilikatwa, na mimi darasa zima hakuna aliyenifikia kwa kukata.

Mchumba wangu nitamwita Jonas, si jina lake. Ni fundi wa madishi na ving'amuzi, anaingia nyumba za watu kuanzia huku Goba mpaka Kunduchi, mtu wa utani, hana makuu, ndoa yetu ilikuwa ifungwe baada ya Pasaka. Mwaka jana mwalimu alitupa zoezi la kumpiga mtu picha akiwa amevaa rasmi halafu tumkate tumtoe kwenye mandhari yake, na Jonas alikuwa na suti moja ya bluu iliyokolea, ya mtumba lakini safi, nikamsimamisha nyuma ya nyumba yetu mbele ya shuka jeupe, mikono mbele, wa kushoto juu ya wa kulia, akawa anacheka mpaka nikamkaripia atulie. Akaniuliza hii picha inakwenda wapi. Nikamwambia ni ya mwalimu tu, akishaiona naifuta.

Sasa dada, stesheneri za huku zinaishi kwa misiba. Watu wanakuja na picha ya marehemu ya kitambulisho, au wamemkata kwenye picha ya harusi amesimama nyuma ya watu, wanataka picha kubwa ya fremu ya kutangulia mbele ya jeneza na baadaye itundikwe sebuleni, na hakuna familia inayotaka mzee wao atangulie jeneza akiwa na fulana ya kampeni. Kwa hiyo tunawavisha. Mara ya kwanza ilikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mazishi kesho yake, bosi wangu Mama Albano amenisimamia nyuma ananiambia fanya upesi, na mimi suti niliyokuwa nayo kwenye kompyuta ilikuwa moja tu. Nikaondoa kichwa cha Jonas, nikaweka cha yule mzee. Dada, kilikaa. Binti yake alipoiona ile picha alinishika mabega akalia akasema umeturudishia baba, na mimi nilitoka pale najiona naweza kazi.

Nikasevu ule mwili peke yake, bila kichwa, na kwa ile haraka nikausevu juu ya picha yenyewe, kwa hiyo yule Jonas aliyekuwa anacheka mbele ya shuka hayupo tena, hata kwenye simu sikumbakiza.

Tangu siku hiyo karibu kila mwanaume aliyefariki na picha yake ikapita mikononi mwangu amevaa mwili wa Jonas. Aliyekuwa mnene nampanua kidogo, aliyekuwa mweusi naipaka mikono rangi ifanane na uso. Ila kuna ukucha wa gumba la kushoto, uliwahi kupigwa na nyundo ukapasuka ukaota pande mbili, huo sikuwahi kuugusa, niliona unaifanya mikono iwe ya mtu wa kweli. Kwa mwaka mzima sikumwambia, mwanzoni nilikuwa naona kama utani fulani ambao siku moja tutaucheka wote, halafu wafu wakawa wengi na ikawa haichekeshi tena.

Jumapili moja alivaa ile suti kanisani. Tukiwa tunaimba, mama mmoja wa safu ya nyuma, mjane, akanyoosha mkono akaushika mkono wa koti la Jonas, akawa anakipapasa tu kile kitambaa taratibu kama mtu anayetafuta kifungo, Jonas akadhani anaomba kupita akamsogelea mwenzake. Mjukuu wake akazunguka mbele, akamtazama Jonas usoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi, siyo babu," akasema. "Siyo babu huyu."

Mimi nilikuwa pembeni yao, nikainamia kitabu cha nyimbo nikaendelea kuimba.

Haukupita muda, Jonas akaja dukani katikati ya kazi, akakaa kwenye kiti cha wateja hata salamu hakutoa.

"Mie leo nimejiona kwa watu," akasema.

"Umejiona vipi?"

"Mikono yangu. Nimeenda kufunga king'amuzi, juu ya tivii kuna picha ya mzee kafariki, ana mikono yangu. Na ukucha wangu huu hapa."

"Suti zinafanana, Jonas, mitumba ile ile."

"Na kucha nazo za mtumba?"

Nikacheka, dada, Mungu anisamehe, nilimcheka machoni, nikamwambia jua limemzidi huko kwenye mabati.

Baada ya hapo akawa anaziona. Akiingia nyumba anatazama ukuta kwanza, na akaziona nyumba nyingine na nyingine, sura tofauti, mikono yake. Halafu siku moja akarudi kutoka Kunduchi akaniambia na huko ipo, kwenye sebule ya bwana mmoja aliyefia baharini, na hilo hata mimi mwenyewe sikulielewa, kwa sababu hizi za Goba najua nimetengeneza mimi, lakini mtu wa Kunduchi sijawahi kumtengeneza wala hakuna mteja wa Kunduchi anayekuja kwetu. Nani amempeleka Jonas kule?

Sasa ameacha kazi, hataki kuingia nyumba ya mtu. Chakula anakisogeza tu. Ametokwa na vipele shingoni, anajikuna mpaka damu, na dada, vile vipele vimemzunguka palepale kwenye kola, palepale nilipopitisha mstari wa kukatia. Nikimtazama nauona ule mstari. Mama yake, Mama Kokushubila, amekuja kutoka Muleba, na kuna mtu wa maombi amewaambia kwamba Jonas amegawanywa kwa marehemu, kila mmoja amechukua kipande, kilichobaki ni kidogo. Jumamosi mama anamrudisha nyumbani. Jonas mwenyewe ameniambia kwa upole kabisa, mpaka niliona afadhali angenipiga kofi, "Wee bado mdogo. Tafuta mtu aliyekamilika. Mie sina muda mrefu, najisikia."

Nilikuwa bado naweza kunyamaza hata hapo, ndivyo nilivyo mbaya. Lakini kamati ya harusi haijaambiwa lolote, na Jumatatu hii mwenyekiti ameniandikia anataka kadi ya mwaliko yenye picha yetu, na mimi ili tu nisiulizwe maswali nikakaa nianze kuitengeneza. Nikachukua kichwa cha Jonas kwenye picha yake ya leseni, nikafungua ile suti, nikakiweka. Hakikukaa. Nikakipunguza, nikakiongeza, nikakigeuza kidogo, nikabadilisha mwanga, mbinu zote nilizofundishwa mwaka mzima, wafu wote wale walikaa na mwenye mwili anakataa, shingo inaonekana ya mtu mwingine. Nikiwa bado nahangaika Mama Albano akapita nyuma yangu na chai yake, akasimama akatazama kioo cha kompyuta.

"Masikini," akasema, "huyu naye amefariki lini? Mbona kijana hivi?"

Anamjua Jonas, dada. Ameshakunywa naye chai. Hakumtambua.

Nilizima kompyuta nikatoka nje. Sasa niambie nifanye nini. Nikimwambia atajua nilimdanganya mwaka mzima, na mama yake atasema mchawi ni mimi, na wafiwa wakisikia watakuja dukani wanidai baba zao. Nisipomwambia anaondoka. Nilifikiria niifute tu ile faili kimyakimya niombe Mungu apone, lakini je, nikiifuta nikawa nimemfuta yeye? Na kama ni picha tu, shingo inamuwasha nini?

Msichana wa Goba


MSHAURI ANAJIBU

Msichana wa Goba, marahaba.

Barua yako nimeipata Jumatano. Gazeti linatoka Ijumaa na basi la Muleba linaondoka Jumamosi, kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla ya kulipeleka mtamboni, na nitaona alama utakapolisoma. Usijifanye hukulipata.

Umeniuliza maswali mengi ili lile moja lipotee katikati. Swali lako ni kama umwache mwanaume aamini anakufa ili wewe usionekane mwongo. Lisome hivyo, kwa sauti, halafu uniambie kama bado unahitaji mshauri.

Naanza na Kunduchi, kwa sababu naona ndiko ulikojificha. Unashangaa nani amempeleka Jonas kule. Mwaka mzima darasani, wanafunzi wanaombana flashi, huyu ana herufi nzuri, yule ana maua, na wewe una suti iliyokatwa vizuri kuliko ya mtu yeyote: hukumpa hata mmoja? Ulimpa, au alichukua. Nilimuuliza Bwana Yazid anayepanga kurasa zetu hapa ofisini kama mambo hayo yapo. Akacheka, akafungua kompyuta yake akanionyesha suti anayoitumia yeye, ya kijivu. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema hajui, alipewa na mtu aliyepewa na mtu. Tuliitazama pale haina kichwa, mikono imekunjwa vizuri, mpaka Yazid mwenyewe akaacha kucheka akaifunga. Huyo wa kijivu yuko wapi, anaumwa nini, hakuna anayejua. Wako unamjua. Unaye mpaka Jumamosi.

Sasa Jonas. Usithubutu kumwona mshamba. Wewe na mimi tungeingia sebule ya watu tukakuta mikono yetu, na ukucha wetu, chini ya uso wa marehemu, tusingefika hata getini. Yeye alikuja kwako na ukweli mtupu, aliona alichokiona, na mtu pekee duniani aliyekuwa na maelezo alimcheka akamwambia ni jua. Kosa la kwanza, lile la suti, nalielewa: ulikuwa na haraka, mazishi yalikuwa kesho, bosi yuko mgongoni. Hilo la kumcheka silielewi, na ungekuwa mwanangu tungezungumza tofauti kidogo.

Vipele mpelekeni zahanati. Kola ya mtumba, joto hili la Dar, mtu asiyelala wala asiyekula, halafu unajikuna palepale kila siku: daktari atawapa jina lake na dawa yake. Kama kuna zaidi ya hapo mimi sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Nilipofika kwa yule mama anayepapasa koti kanisani niliiweka barua yako chini nikaenda kusimama dirishani. Lakini hata kama kuna lolote limemshika huyo kijana, wewe ndiye uliyemfungulia mlango, na wewe ndiye utakayemwambia.

Kwa hiyo leo, siyo kesho, omba ruhusa kwa Mama Albano uchukue hiyo kompyuta, au uiweke faili kwenye laptopu ya kuazima. Usiifute. Ukiifuta utakwenda kwa Jonas na maneno matupu, na maneno yako kwake sasa hivi hayana thamani. Nenda pale alipofikia mama yake. Msalimu Mama Kokushubila kwa heshima zote anazostahili, na usimwombe atoke nje. Akae, asikie, kwa sababu ndiye aliyeshika tiketi. Halafu mwambie Jonas hivi, bila kupamba: "Ni mimi niliyekuweka kule. Hakuna mwingine." Fungua faili mbele yake. Weka uso wa yule mwalimu mstaafu, utoe. Weka mwingine, utoe. Mwache aone jinsi inavyofanyika kwa mikono yako, kwa muda wowote atakaoutaka. Atakapouliza kwa nini, jibu kwa nini. Na lile neno "ni picha tu" lisitoke mdomoni mwako, wewe mwenyewe huliamini.

Akishaona, faili ni lake. Akisema ifutwe, ifute akiwa anatazama. Akisema ibaki, inabaki kwake. Usimshauri. Mwili ni wake na hujawahi kumuuliza hata mara moja.

Wanafunzi wenzako wote watumie ujumbe waache kuutumia mwili wa Jonas, na Mwalimu Gaudens mpigie simu, mwambie hadithi hii yote, awafundishe wanaokuja kwamba mtu akikatwa anaulizwa kwanza. Suti za kuwavisha marehemu piga picha ya suti iliyotundikwa kwenye henga, wapo wengi watakaokuazima. Kazi yenyewe usiiache. Yule binti aliyekushika mabega hakukosea kulia, na uliyempa baba yake siku ile alikuhitaji.

Picha zilizoko ukutani ziache. Usianze kuzunguka Goba kuwaambia wajane kwamba mume wako ni mchumba wangu kuanzia shingoni kushuka chini, hapo utakuwa unatafuta nafuu yako kwa machozi yao. Isipokuwa yule mama wa kanisani. Huyo alikwishajua kitu mkononi mwake, na mjukuu wake amebaki na hofu. Jonas akikubali, nendeni wawili. Asipokubali, uende mwenyewe.

Mama mkwe atakuita mchawi. Atakuita, na pengine mbele ya watu. Simama usikilize, usijibu, akimaliza mwambie tena hakuna mwingine, ni mimi. Na Jonas anaweza kukuacha. Sina la kukufichia hapo. Ana haki, na mwanaume anayekuacha akiwa anakula na kupanda mabati ya watu ni bora mara elfu kuliko huyu anayekuombea upate aliyekamilika.

Maana hebu fikiria hiyo Jumamosi kama utanyamaza. Anapanda basi akijua anakwenda kufia kwao. Kule watamsubiria kifo, kwa mapenzi kabisa, wakimtengenezea uji asiokunywa. Nimefanya kazi hii muda mrefu, binti, na nimeona watu wakiondoka hivyo na kufa kweli. Na Jonas rafiki zake, kamati yake, kanisa lake, viko Goba. Msiba ukisikika, kuna mtu wa kamati atakuja hapo dukani kwenu na picha yake ya leseni, aombe picha kubwa ya fremu. Mama Albano atakukabidhi wewe, kwa kuwa unakata vizuri kuliko wote. Utafungua faili. Na siku hiyo, kichwa kitakaa.

Zima simu, chukua kompyuta, nenda.